Alama zilishuka, lakini nani alizishusha? Tathmini ya programu ya kuzuia sonona katika shule nane za Moshi

Usuli

Asasi moja ya Moshi ilikuwa na programu ya vipindi vitano vya kuzuia sonona (huzuni nzito inayodumu, depression) na wasiwasi kwa wanafunzi wa sekondari. Kipindi kimoja kwa wiki, dakika 60, wanafunzi 30 kwa darasa. Ndani yake kulikuwa na kutambua mawazo yanayomzunguka mtu kichwani, kugawa tatizo kubwa katika vipande vinavyoshikika, kutaja mambo anayoyathamini, kuomba msaada, na mwisho kila mwanafunzi kujiandikia mpango wake. Mfadhili alishasema kwamba ripoti ikionyesha programu inafanya kazi, atalipia shule 40.

Mpango wa tathmini wa asasi ulikuwa rahisi: dodoso kabla, dodoso baada, toa hii kwenye ile. Timu ya tathmini ya watu watatu iliitwa wakati shule zimeshapatikana. Zilikuwa nane, zote za serikali na za kutwa, baadhi ndani ya Manispaa na nyingine huko juu mlimani ambako mtoto hupanda kilima saa nzima kabla ya kengele.

Majina ya asasi, shule na kata yameondolewa pamoja na mwaka. Takwimu zimesogezwa kidogo ili shule zisitambulike, lakini uwiano kati yake umebaki ulivyokuwa.

"Imethibitishwa": wapi, na nani, dhidi ya nini

Programu ilikuja na sifa kwamba imethibitishwa kitaalamu. Timu iliuliza maswali matatu kabla ya kugusa dodoso lolote: waliopimwa huko nyuma walikuwa akina nani, nani aliendesha vipindi, na walilinganishwa na nini.

Majibu ya tafiti hayafanani. Kenya, jaribio la programu ya Shamiri lililochapishwa 2021 lilihusisha wanafunzi 413 ambao tayari walikuwa na dalili za juu za sonona au wasiwasi. Vipindi vinne viliendeshwa na vijana waliomaliza sekondari, na kundi la kulinganisha lilipewa vipindi vya mbinu za kusoma vya urefu uleule. Dalili zilipungua zaidi kwa waliopata programu. Hiyo ni habari njema kwa wenye dalili; haisemi mengi kuhusu darasa zima ambalo wengi wao ni wazima.

Uingereza, jaribio la MYRIAD la 2022, lenye wanafunzi zaidi ya 8,000 wa shule zaidi ya 80, lilifundisha darasa zima utulivu wa fikra (mindfulness), yaani kuelekeza mawazo kwenye kinachotokea sasa. Walioendesha ni walimu. Halikuonyesha faida juu ya masomo ya kawaida ya stadi za kijamii. Jimbo la Bihar, India, jaribio la SEHER lililochapishwa 2018 lilipeleka shughuli zilezile shuleni kwa njia mbili. Zilipoendeshwa na mshauri asiye mtaalamu wa afya ya akili, aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, zilileta mabadiliko makubwa. Zilipoendeshwa na mwalimu wa shule, hazikuleta.

Asasi ilikuwa imepanga kutumia walimu, kwa sababu hawalipwi posho kubwa na wapo shuleni siku zote. Timu ilishauri vijana. Wakakutana katikati: shule mbili ziongozwe na walimu, mbili na vijana wa miaka 20 hadi 24 waliomaliza kidato cha sita, wafundishwe siku tano na kukutana na msimamizi kila wiki. Uamuzi huo ulikuwa mzuri kwa nusu tu, na nusu iliyobaki inaelezwa chini.

Maamuzi kabla ya kuanza

*Kundi la kulinganisha.* Asasi ilikataa mwanzoni. Hoja yao ilikuwa ya haki: utamwambiaje mkuu wa shule kwamba watoto wake wajaze dodoso la huzuni halafu wasipate kitu? Suluhisho lilikuwa kundi la kusubiri. Shule nne zianze Julai, nne Septemba, na zote zipate programu. Kura ilipigwa mbele ya wakuu wa shule wote nane, vikaratasi kwenye kikapu, kila mmoja akichukua chake. Hilo peke yake lilimaliza manung'uniko, maana aliyepangiwa Septemba alijipangia kwa mkono wake.

*Kidato.* Kidato cha pili wana upimaji wa taifa mwisho wa mwaka, cha nne wana mtihani wa taifa na mock kabla yake. Ikachaguliwa kidato cha tatu, wanafunzi 60 kwa shule, jumla 480.

*Kipimo.* PHQ-9, dodoso la dalili za sonona lenye maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila swali alama 0 hadi 3, jumla 0 hadi 27. Alama 10 na kuendelea huchukuliwa kuwa dalili zinazohitaji kuangaliwa. Tafsiri za Kiswahili zipo na zimetumika sana Afrika Mashariki, lakini timu ilikaa kwanza na wanafunzi 12 wa shule isiyohusika, mmoja mmoja, wakisoma swali kwa sauti na kueleza wameelewa nini.

Yaliyojitokeza yanafaa kukumbukwa na yeyote anayepima vijana kwa dodoso la kigeni. Swali la saba linauliza ugumu wa kutuliza akili, kwa mfano kusoma gazeti au kutazama televisheni. Wanafunzi saba walijibu "hapana" kwa sababu nyumbani hakuna televisheni. Swali la nane lina mambo mawili yanayopingana ndani yake, kuwa mzito kupita kawaida au kuhangaika bila kutulia, na wanafunzi waliuliza wajibu lipi. Neno "sonona" lilijulikana kwa wawili tu. Wengine walisema "stresi" au "mawazo". Na swali la uchovu lilijibiwa na watoto wa mlimani kama swali la miguu.

Timu ilibadilisha mfano wa swali la saba tu, ikaweka kusoma daftari au kusikiliza somo. Mengine iliyaacha yalivyo. Kila unapogusa maneno ya kipimo, unapunguza uwezo wa kulinganisha matokeo yako na ya wengine, na kwa swali la nane ilionekana heri kasoro inayojulikana. Badala yake msimamizi alisoma maelezo yaleyale kwa kila darasa: "Ukiwa na moja kati ya hayo mawili, jibu kwa hilo."

*Ridhaa.* Barua ya kwanza kwa wazazi iliandikwa "utafiti wa afya ya akili". Katika shule moja wazazi 14 walikataa ndani ya siku mbili. Kwao "akili" ilimaanisha mtoto ameonekana ana wazimu. Kuficha mada lingekuwa kosa kubwa zaidi. Barua ya pili ilisema wazi: maswali kuhusu huzuni, wasiwasi, usingizi na mawazo ya kutaka kujidhuru, pamoja na namba ya simu ya kuuliza. Ilielezwa pia kwenye mkutano wa wazazi. Waliokataa wakabaki watatu, na watoto wao nafasi zao zikajazwa na wengine. Waliotimiza miaka 18 walitia saini wenyewe.

Kilichotokea

Upimaji wa kwanza ulipangwa Machi. Barua za vibali zilizunguka kutoka mkoa hadi halmashauri, kutoka halmashauri hadi kata, huku masika yakikata barabara za juu. Dodoso likajazwa wiki ya mwisho ya Mei, wiki moja kabla ya mitihani ya muhula. Mjumbe mmoja wa timu alipendekeza kuahirisha hadi Julai. Alizidiwa hoja, kwa sababu vijana wawezeshaji walikuwa wameshalipwa mafunzo.

Wanafunzi 19 walijibu alama 1 au zaidi kwenye swali la tisa, linalouliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Utaratibu ulioandikwa ulikuwa hivi: kabla ya gari kuondoka shuleni, watu wawili wapitie swali hilo kwenye kila karatasi, aliyejibu kitu chochote zaidi ya sifuri aonane na mshauri siku hiyohiyo, mwenye nia au mpango apelekwe hospitali ya rufaa pamoja na mzazi au mlezi. Shule saba zilifuata. Ya nane ilimaliza saa tisa alasiri mvua ikinyesha, karatasi zikabebwa hadi ofisini, zikasomwa baada ya siku sita. Walikuwa wanafunzi wawili. Wote walipatikana salama.

Kosa lingine lilitokea shule ya kwanza kabisa. Majina ya wanafunzi watatu yalipelekwa kwa kiranja, naye akayasoma mbele ya darasa: "Wafuatao mnaitwa na watu wa dodoso." Kufika saa ya uji shule nzima ilikuwa na tafsiri yake. Kuanzia siku ya pili, kila aliyehitaji kuonana na mshauri aliitwa pamoja na wanafunzi wengine watano waliochaguliwa ovyo, "kuhakiki fomu", na wote sita wakaongea na mtu kwa dakika zinazolingana.

Kumbukumbu za wanafunzi hao hazikuingia kwenye majalada ya shule. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na jalada la nidhamu husomwa na wengi. Zilikaa kwa mtoa huduma ya afya, kwa namba badala ya jina.

Vipindi viliendeshwa Julai hadi mapema Agosti. Waangalizi waliingia vipindi viwili kati ya vitano kwa kila darasa, wakiwa na orodha ya hatua za kipindi na saa. Kwa vijana, kipindi cha wastani kilichukua dakika 57. Kwa walimu, dakika 41, na katika shule moja kipindi cha nne kiliunganishwa na cha tano. Shule hiyohiyo ilimteua mwalimu wa nidhamu kuwa mwezeshaji, kwa kuwa ndiye mwenye nafasi kwenye ratiba. Fimbo ilikuwa mezani. Wanafunzi walisimama kujibu, wakasema "ndiyo, mwalimu", na kipindi cha kuomba msaada kikageuka mawaidha kuhusu vijana wa siku hizi.

Upimaji wa pili ulifanyika wiki ya tatu ya Agosti. Wanafunzi 431 kati ya 480 walipatikana.

Matokeo

Wastani wa walioonekana mara zote mbili ulikuwa hivi:

| Kundi | Mei | Agosti | Kushuka |
|---|---|---|---|
| Shule za programu | 8.9 | 6.3 | 2.6 |
| Shule za kusubiri | 8.7 | 6.9 | 1.8 |

Mpango wa awali wa asasi ungeona mstari wa kwanza tu. Ripoti ingeandika kwamba dalili zimepungua kwa asilimia 29, na isingekuwa imedanganya kwenye namba hata moja. Mstari wa pili unaonyesha kwamba alama 1.8 kati ya hizo 2.6 zingeshuka hata kama hakuna mtu aliyekanyaga darasani. Kinachoweza kuhesabiwa kwa programu ni 0.8. Kwa uhakika wa asilimia 95, data zinapatana na tofauti yoyote kati ya kushuka kwa 2.4 na kupanda kwa 0.8. Huwezi kusema programu imefanya kazi. Huwezi kusema imeshindwa pia.

Shule zilizoongozwa na vijana zilishuka 3.2, za walimu 2.0.

Uchambuzi

*Kwa nini kundi la kusubiri lilishuka.* Sababu ya kwanza ni mitihani. Zaidi ya nusu ya kushuka kwake, alama 1.1 kati ya 1.8, ilitoka kwenye maswali matatu: usingizi, uchovu na kutuliza akili. Mwanafunzi anayesoma kwa tochi hadi saa sita usiku mwishoni mwa Mei atapata alama kwenye maswali hayo hata akiwa hana sonona. Agosti hakuna mtihani.

Kwa walioanza na alama za juu kuna sababu ya pili, kurudi kwenye wastani. Alama ya siku moja ina sehemu ya hali ya kudumu na sehemu ya bahati ya siku hiyo. Ukichagua wenye alama za juu, umechagua pia waliokuwa na siku mbaya, na siku mbaya haijirudii kwa mpangilio. Wanafunzi walioanza na 10 au zaidi walishuka 4.9 kwenye shule za programu, jambo ambalo afisa wa asasi alitaka liwe kichwa cha ripoti. Wenzao wa shule za kusubiri walishuka 4.1. Tofauti ni ileile 0.8.

*Wanafunzi 480 hawakuwa 480.* Hapa ndipo tathmini nyingi za shuleni hujikwaa, na ni hesabu ya darasa la saba. Wanafunzi wa shule moja wanafanana: mkuu wa shule mmoja, njia moja, njaa moja saa nane mchana. Kila wa ziada kutoka shule ileile analeta habari pungufu kuliko wa shule mpya. Upotevu huo hupatikana kwa kuchukua idadi ya wanafunzi kwa shule, kutoa moja, kuzidisha kwa kiwango cha kufanana, kisha kuongeza moja. Timu ilikadiria kufanana kwa 0.03, kinachoonekana kidogo. Kwa wanafunzi 60: 59 × 0.03 + 1 = 2.77. Gawanya 480 kwa 2.77, unabaki na wanafunzi 173 wa kweli.

Wanafunzi haohao 480 wangechukuliwa kutoka shule 16, 30 kila moja, kigawanyo kingekuwa 1.87 na wangehesabika kama 257. Shule 24 zenye wanafunzi 20 zingetoa 306. Mchambuzi wa kwanza wa data, aliyeajiriwa kwa muda, alipuuza hili na kupata tofauti "yenye uzito wa kitakwimu". Alitumia programu ya kompyuta iliyo sahihi kabisa, akaiambia kwamba kila mwanafunzi anajitegemea.

*Waliopotea.* Kati ya 49 wasiopatikana Agosti, 31 walikuwa wa shule za programu na 18 wa shule za kusubiri. Wastani wao wa Mei ulikuwa 10.8, juu ya wenzao. Maana yake shule za programu zilipoteza zaidi wale wenye hali ngumu, na huenda sehemu ya 0.8 inatokana na kutokuwepo kwao. Sababu ilikuwa ya kawaida kabisa: shule mbili za programu zilipimwa siku ya gulio, na watoto ambao nyumbani kuna shida ndio wanaobaki kubeba ndizi na kulinda meza. Siku ya pili ya kufuatilia ilikuwa kwenye bajeti; ilikatwa ili kulipia fulana.

*Walimu na vijana.* Kila aliyeona 3.2 na 2.0 alitaka kuhitimisha. Matokeo yanaelekea kulekule kwa Bihar, na dakika 41 dhidi ya 57 zinatoa sababu inayoeleweka. Lakini hapa kura haikupigwa. Vijana walipelekwa shule za mjini kwa sababu ndiko wanakoishi. Walimu walibaki na za mlimani. Mjini na mlimani pia ni tofauti kati ya makundi hayo, na shule mbili kwa mbili haziwezi kutenganisha kipi ni kipi. Ile nusu mbaya ya maafikiano ni hii: swali muhimu kuliko yote kwa asasi, nani aendeshe vipindi, liliachwa kwa nauli ya daladala.

*Muda wa kufuatilia.* Kupima wiki moja au mbili baada ya kipindi cha mwisho kunapima kumbukumbu ya kipindi. Kwenye jaribio la SEYLE, lililofanyika nchi kumi za Ulaya kwa wanafunzi zaidi ya 11,000 na kuchapishwa 2015, hakukuwa na tofauti ya maana kati ya makundi baada ya miezi mitatu. Baada ya miezi 12, majaribio ya kujiua yalikuwa machache zaidi kwenye shule zilizopata programu iliyowafanya vijana wenyewe wajadili na kuigiza. Mpangilio wa kusubiri wa Moshi usingeweza kuona kitu kama hicho: Septemba kundi la kulinganisha lilipata programu, na ulinganisho ukaisha hapo. Hiyo ndiyo bei ya kundi la kusubiri, na asasi iliilipa bila kuambiwa mapema. Kosa hilo ni la timu.

*Kilichofanya kazi.* Kura ya hadharani. Mazungumzo na wanafunzi 12, ambayo yaligharimu siku mbili. Waangalizi wenye saa, maana bila wao shule ya mwalimu wa nidhamu ingehesabiwa kuwa imepata vipindi vitano. Na swali la tisa: hata kama programu haina faida yoyote, wanafunzi 19 walisikilizwa na mtu.

Uamuzi uliofuata

Ripoti iliandika 0.8 pamoja na masafa yake (kushuka kwa 2.4 hadi kupanda kwa 0.8), na jedwali la makundi yote mawili likawekwa ukurasa wa kwanza. Mfadhili hakulipia shule 40. Alilipia awamu ya pili ya shule 16, wanafunzi 30 kila moja, zikiwa mchanganyiko wa mjini na mlimani.

Kura ya awamu hiyo inapigwa mara mbili: kwanza nani anapata programu, kisha, ndani ya shule za programu, nani anaiendesha. Mwalimu wa nidhamu haruhusiwi kuwa mwezeshaji. Shule za kulinganisha zinapata vipindi vitano vya mbinu za kusoma vya urefu uleule, na zinasubiri mwaka mzima. Upimaji ni Februari, Agosti na Februari inayofuata, kila mara angalau wiki nne mbali na mtihani wowote. Siku ya gulio ya kila kata imeandikwa kwenye kalenda ya kazi kwa wino mwekundu, na fedha ya siku ya pili ya kufuatilia imewekwa kwenye fungu ambalo haliwezi kununua fulana.